Bafu la Baba Lina Baridi

Invercargill
27 Machi 2011

Mdogo wangu Struan,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la huko kisiwani halijakuyeyusha. Sisi huku tunajikongoja. Nyonga yangu inanisumbua nikiinama, lakini hilo si la leo.

Anwani yako nimepewa na binamu yetu Rhona, kwa hiyo usimlaumu mwingine. Namba yako ya simu hainifikishi popote, huu mwaka wa nne. Nakuomba usiichane barua hii. Sikuandikii mambo ya ukoo, nakuandikia mambo ya kazi yako.

Baba ameacha kuoga. Wiki ya tano hii. Anajipangusa kwa kitambaa jikoni, karibu na jiko la makaa ya mawe, na kwake hiyo imetosha. Nikimwambia, "Baba, ingia bafuni," ananijibu, "Kwenye chumba cha barafu wanaingia kondoo waliochinjwa. Mimi bado napumua." Unajua alivyotumika miaka thelathini na moja kule machinjioni. Anasema baridi ya mshahara aliivumilia, ya bure haitaki.

Mwezi uliopita aliteleza akitoka kwenye hodhi. Hakuvunjika, ila ubavu wote ulivilia damu. Nesi Waimarie, anayekuja kila Jumanne kumfunga kidonda cha mguu, akanivuta pembeni: "Ailsa, kidonda hiki hakiponi kwa mtu asiyeoga. Nikikuta mambo ni haya haya ifikapo Agosti, itabidi niandike apelekwe kwenye nyumba ya wazee." Baba alisikia. Tangu siku hiyo hatulii kitini. Anasimama, anakaa, anasimama tena. Msimu wa chaza umefunguliwa kule bandarini Bluff na hajaomba hata mmoja.

Basi nimeamua kulibomoa bafu na kulijenga upya. Unalikumbuka, liko nyuma, upande wa kusini unakotoka upepo wa barafu, jua halijaliona tangu lijengwe. Mbao chini ya hodhi zimeoza. Fundi Tavita ataanza Mei. Kinachonikosesha raha ni joto. Tavita anataka taa za joto za darini. Kijana wa dukani amenisifia waya unaolazwa chini ya vigae mpaka nikauota. Jirani anasema niweke fito za umeme za kukaushia taulo, yatosha. Kila mtu ana lake, nami nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wewe ndiye fundi umeme wetu. Niambie tu: kipi?

Baba hajui kwamba nakuandikia.

Dada yako,
Ailsa


Kisiwa cha Thursday
19 Aprili 2011

Dada Ailsa,

Salamu zimefika, mimi mzima. Pole na nyonga. Kamwone daktari, usijidai chuma.

La kazi nitakujibu. La mzee usiniulize.

Usianze na hita. Chumba kinachovuja joto ni ndoo iliyotoboka, ufungue bomba utakavyo haijai. Mwambie Tavita ajaze sufu ya kuzuia baridi juu ya dari na chini ya sakafu, katikati ya boriti. Lile dirisha la luva aling'oe, kila kioo pale kinapitisha upepo wake. Aweke dirisha la vioo viwili na feni ya kutoa mvuke.

Fito za taulo zinakausha taulo, basi. Anayesema zinapasha chumba hajawahi kuoga huko mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali. Taa za darini zinapasha utosi, miguu inabaki na kilio chake. Hita ya feni inapuliza, na kwa mtu aliyelowa hata upepo wa moto ni upepo. Waya wa chini ya vigae ni mzuri kwa mtu anayeoga kwa ratiba. Unachukua saa nzima au zaidi kuamka. Tena ukishafunikwa umefunikwa. Fundi wa vigae akiukwaruza kwa mwiko, unabomoa upya.

Lakini kabla hujanunua chochote, Tavita afunue ubao mmoja anitazamie nyaya, bila kuzigusa. Kama zimevikwa mpira mweusi unaokatika kama biskuti, usichomeke kitu kipya humo mpaka zibadilishwe zote. Nipe na vipimo vya chumba.

Na kama mzee sasa anataka joto, mkumbushe kwamba kulikuwa na mwanamke humo ndani aliyelitaka kabla yake, akaambiwa avae soksi.

Struan


Invercargill
2 Mei 2011

Struan,

Nimeipata barua yako na natumaini u mzima bado. Sisi wazima.

Vipimo: mita mbili na robo kwa mita moja na nusu, dari iko juu mno kama ya kanisa. Nyaya: ni mpira mweusi. Tavita alipofunua ubao kipande kilidondoka chenyewe. Akarudisha ubao polepole kama mtu aliyeona nyoka. Asante kwa hilo, huenda umetuokoa na moto.

Sasa, kuhusu soksi. Maneno yale aliyasema Mama mwenyewe, kwa mzaha, nikiwa nimekaa naye mezani. Baba hakuyasema. Na kuna zaidi.

Jumamosi nilikuwa natoa vitu kwenye kabati la mashuka ili Tavita apate nafasi. Nyuma ya mablanketi nikakuta boksi. Ndani mna hita ya ukutani, ile ya fito inayowaka nyekundu, ya kuvuta kamba. Mpya, bado iko kwenye plastiki yake. Juu ya boksi, kwa kalamu ya bluu, kuna mwandiko wa Mama: *Struan akija.* Risiti ni ya Aprili 2006. Mama alianguka bafuni Julai ya mwaka uliofuata.

Nikalibeba mpaka jikoni, nikaliweka mbele ya Baba.

"Nilitaka kumwita fundi wa hapa mjini," akasema. "Mara mbili. Mama yako akakataa. 'Wattie, mwache, mwanangu kasema Krismasi hii anakuja kunifungia.' Krismasi ikapita, akasema Pasaka."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?"

"Struan! Siku ya mazishi, alipokupigia kelele ukumbini, kwenye chakula, mbele ya kanisa zima kwamba umemuua Mama kwa baridi na ubahili wako!"

Akachukua chai yake. "Watu walikuwa wanakula," akasema.

Hayo ndiyo yote niliyoyapata kwake. Sikuandikii ili kukuumiza. La, huo ni uongo, ukurasa huu nimeuandika kwa hasira na nautia kwenye bahasha kabla sijapoa. Lakini kila neno ni kweli.

Dada yako,
Ailsa


Invercargill
6 Juni 2011

Mdogo wangu Struan,

U hali gani? Nakuuliza kwa moyo, si kwa desturi ya barua. Wiki tano sijasikia kitu. Sanduku la barua nalifungua mara mbili kwa siku, na posta inakuja mara moja tu.

Barua ile niliipeleka kwa pupa. Ningeweza kulala juu yake siku moja. Jambo lenyewe sijutii, najutia namna nilivyolisema.

Huku mambo yamesimama. Tavita amebomoa, ameona hali ya nyaya vizuri, akagoma kuendelea mpaka fundi umeme apite. Fundi umeme wa mjini anasema Agosti mwishoni. Kwa hiyo tuna bafu lisilo na sakafu. Upepo wa kusini unaingia chini ya nyumba, unapanda, unatutembelea hadi vitandani. Asubuhi nyasi ni nyeupe na maji ya ndoo yana ngozi ya barafu. Mimi natembea tu ndani ya nyumba hii. Nachukua kitu chumba hiki, nikifika chumba kile nimesahau nilitaka nini.

Baba amehamishia kiti chake mlangoni mwa bafu. Anakaa na koti lake anatazama udongo. Jana, bila kunigeukia, akaniuliza, "Struan anasemaje kuhusu waya wa chini ya vigae?"

Nikajifanya sijui. "Struan gani?"

"Mimi ndiye ninayechukua barua siku nyonga yako ikikukatalia, Ailsa. Stempu za Australia ninazijua."

Nikamwambia ulivyosema, kwamba unachelewa kuamka. Akatikisa kichwa. "Kama yeye," akasema. Sijui ulikuwa mzaha au la. Nadhani ulikuwa mzaha.

Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Dada yako,
Ailsa


Invercargill
29 Juni 2011

Struan,

Salamu. Hii ni fupi.

Wameniita hospitali ya Dunedin kubadilishwa nyonga tarehe 13 Julai. Kuna mtu amejitoa, nafasi yake nimepewa mimi. Nikikataa narudi mkiani mwa foleni. Nitakaa huko wiki tatu pamoja na mazoezi ya kutembea.

Waimarie amempatia Baba kitanda cha muda kwenye nyumba ya wazee. Cha muda, anasema. Struan, unajua na mimi najua wanaokwenda kule kwa muda wanavyorudi. Baba amefungasha begi mwenyewe: wembe, redio, picha ya Mama. Akalifungua. Jioni akalifungasha tena. Siku tatu sasa begi linafungwa na kufunguliwa.

Sikuombi mpatane. Njoo ukae naye tu. Mkigombana gombaneni, lakini agombane akiwa kwake.

Nitaondoka tarehe 12 asubuhi, Rhona atanipeleka kwa gari. Waimarie atakuja kumchukua Baba saa sita mchana.

Dada yako,
Ailsa


Invercargill
17 Julai 2011

Dada yangu Ailsa,

Habari za nyonga mpya? Rhona ametuambia umepasuliwa salama na kwamba siku ya pili tu ulitaka kuwapangia manesi vitanda. Tumeshukuru. Sisi huku wazima wote wawili. Ndiyo, wawili. Mimi niko jikoni kwako, na Baba yuko chumba cha pili anajidai hasikii kalamu.

Nilifika tarehe 12, saa sita na dakika kumi. Gari la Waimarie lilikuwa langoni, begi limeshapakiwa, na Baba kashika mlango wa gari bila kuingia. Akanitazama kuanzia viatu.

"Umechelewa."

"Ndege ilichelewa, Baba."

"Sisemi ndege."

Nikazunguka nyuma ya gari, nikalitoa begi, nikaliingiza ndani. Waimarie akapiga honi mara moja, akaenda zake. Jirani yako alikuwa dirishani, kwa hiyo mji mzima umeshajua.

Ailsa, sikukujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya karatasi. Cheti changu cha umeme ni cha Australia, na ilibidi nisubiri kitambuliwe huku ndipo niguse nyaya za nyumba. Nilituma maombi siku ile ile niliposoma juu ya mpira mweusi. Hiyo ndiyo sababu nzuri.

Ya pili ni kwamba uliloniandikia nilikuwa nalijua. La boksi sikulijua, wala kwamba alishanunua. Lakini ahadi niliijua, mimi ndiye niliyeitoa. Kila nilipopiga simu Mama alisema, "Bafu linakusubiri, mwanangu," nami nasema, "Krismasi, Mama." Kule kisiwani kila mwaka kulikuwa na kazi, mara nyingine kulikuwa na mashua na marafiki tu. Rhona aliponipigia kuniambia ameanguka bafuni, neno la kwanza kichwani mwangu lilikuwa *Krismasi*. Nilipofika kwenye chakula cha mazishi ukumbini mwa kanisa nikamtafuta mtu wa kulibeba neno hilo, nikamwona Baba amesimama na sahani yake ya mikate ya jibini. Nilipiga kelele mimi kwanza, asije mwingine akanipigia mimi.

Miaka minne nimekaa kwenye joto na sijapata usingizi wa maana.

Sijamwambia Baba haya bado. Siku tano tunaongea nyaya tu. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni, ananielekeza kazi niliyoifanya miaka thelathini. "Hiyo umeipinda." "Haijapinda, Baba." "Nikiwa hapa imepinda." Nyaya za zamani zote zimetoka. Nimefunga ubao mpya wa umeme wenye swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja. Tavita amejaza sufu chini na juu, na dirisha la luva limeng'olewa.

Joto bado sijaamua. Boksi la Mama liko mezani hapa. Kila mtu analizunguka.

Mdogo wako,
Struan


Dunedin
21 Julai 2011

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama wa kitanda cha jirani ameniuliza kama ni ya mapenzi, nikamwambia karibu.

Mimi naendelea vizuri. Wananiambia nisitembee kupita kiasi, lakini korido hii nimeshaihesabu hatua zote kwenda na kurudi. Siwezi kulala chali kama maiti huku hamniambii kitu. Anakula? Kidonda kikoje? Dawa ya asubuhi haitaki bila uji, usikubali akikuambia alishakunywa. Amekuuliza chochote? Umemwambia? Agosti haijabakiza hata wiki mbili, na Waimarie ni mtu wa neno lake.

Na usiwe kama mimi kwenye hilo la hita. Mimi niliuliza watu wote isipokuwa anayeoga.

Dada yako,
Ailsa


Invercargill
31 Julai 2011

Dada yangu Ailsa,

Shikamoo, na salamu za Baba anayekula vizuri kuliko ulivyotarajia. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Anakula, dawa anameza mbele yangu, na jana ameomba chaza. Nimemletea dazeni, akaniachia wanne.

Nilifuata neno lako, nikamuuliza anayeoga. Jumatatu nilimwita mezani. "Baba, nataka kuamua joto. Wewe unaoga saa ngapi?"

"Nikijisikia."

"Waya wa chini ya vigae unataka kujua saa."

"Basi hatutaelewana. Mimi siwekewi saa ya kuoga na waya."

"Hita ya ukutani inawaka papo hapo. Unavuta kamba, inakupiga mwilini kabla hujavua shati."

Halafu akalisogeza boksi la Mama kwangu kwa kidole kimoja. "Hiyo je, nzima?"

Nilikuwa nimeshaipima, nzima kabisa. Nikamwambia, lakini nikasema pia, "Kama hutaki kuiona ukutani kila siku, nitanunua nyingine."

"Aliinunua itumike," akasema. "Ifunge." Nikiwa nimeshainuka akaongeza, "Na miguu?"

Kwa hiyo tumefanya hivi. Hita ya Mama iko juu ukutani, mbali na maji, imeelekea kwenye kigoda cha kuogea. Hodhi tumeliondoa, sakafu ni tambarare mpaka chini ya bomba la mvua, hakuna ukingo wa kuruka. Chini ya vigae nimelaza waya kwenye kipande kidogo tu, pale anaposimama kujifuta, ili vigae vikauke haraka asiteleze tena. Huo una saa yake, unaamka asubuhi na kulala baada ya chakula cha mchana. Hakatazwi kuoga jioni, ila miguu itamlaumu. Niliupima waya kabla haujalazwa, ulipolazwa, na Tavita alipomaliza vigae. Nilimsimamia mpaka akasema, "Kaka, unanitazama kama polisi wa barabarani." Haukuguswa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku. Baba alianza visingizio tangu chai. Mara redio, mara mguu, mara jirani anaweza kupita. Mwisho akaingia peke yake na nguo zake, akasimama katikati, akavuta kamba. Fito zikaanza kunguruma kidogo, zikawa za zambarau, zikawa nyekundu. Akanyoosha mikono kama mbele ya jiko.

"Njoo unisaidie vifungo," akasema.

Ailsa, amekonda. Sikuwa nimeona mgongo wake tangu nikiwa mdogo, ulikuwa mpana kama mlango. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwagia maji, nikampaka sabuni. Nikafika mabegani. Hapo ikatoka yenyewe.

"Baba, ni mimi niliyemchelewesha."

"Najua."

"Mbona hukunijibu siku ile? Neno moja tu lingenitosha."

"Ulikuwa umetoka kumzika mama yako. Ulihitaji mtu wa kumpigia kelele. Mimi nilikuwa karibu." Akafuta maji machoni. "Siku ile sikuihesabu. Nilijua wiki ijayo utapiga simu. Lakini miaka minne, Struan! Miaka minne ni mingi kwa kelele moja."

Nilitaka kusema nisamehe. Nikaendelea kumsugua pale pale, begani, mpaka akasema, "Umeshalitoa ngozi hilo, nenda la pili." Nikaenda la pili. Nadhani tulilia, ila kwenye mvuke ule siwezi kukuapia. Nililisema baadaye, nikimfunga kamba za viatu, na yeye akaniwekea mkono kichwani kama anajishikilia asianguke. Hakuwa anaanguka.

Alikaa humo hadi maji ya moto yakaisha kwenye tangi. Ijumaa akaoga tena bila kuambiwa. Leo asubuhi nimesikia anapiga mluzi.

Waimarie alipita jana, si siku yake, anasema alikuwa njiani. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akavuta kamba, akasimama chini ya hita na koti lake. "Mimi nahamia hapa," akasema. Kisha akakitazama kidonda, akamwambia Baba kwamba karatasi ya nyumba ya wazee hataiandika, na kwamba Oktoba atakuja kuangalia tena. Baba akamwambia, "Ukija, leta taulo lako."

Kwa hiyo usikimbilie kurudi. Tembea taratibu, hesabu korido yako, rudi daktari akikuruhusu. Tiketi yangu ni ya Ijumaa, na Rhona amesema atakuja kukaa mpaka ufike.

Lakini jana, wakati nakata viazi, Baba alikuwa anasoma gazeti. Bila kuliweka chini akasema, "Chumba chako kile cha nyuma kina baridi kuliko bafu lilivyokuwa. Mtu akilala humo mpaka Oktoba atakufa."

"Baba, tiketi yangu ni ya Ijumaa."

"Nimesikia. Nasema tu kwamba kina baridi."

Nikamaliza viazi, nikaviteleka. Kisha nikachukua futi yangu, nikaenda kukipima kile chumba.

Mdogo wako,
Struan